Besi Asiyejua Wimbo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sijisifu, maana hakuna cha kujisifia hapo. Nataka tu ujue mapema ni mtu wa namna gani aliyetumwa kutafuta wimbo. Kwangu kutoka Nyasho kwenda Mwisenge, mitaa miwili ya Musoma hapahapa, ni safari ya kuaga majirani. Nafuga kuku wa mayai uani, na kuku ni watu wazuri, hawakuulizi mipango yako. Dada yangu mkubwa akipiga simu haulizagi niko wapi. Anauliza, "Umekaa au umelala?"

Mama alikuwa anaishi Butiama, kwenye mji alioachiwa na marehemu baba. Alianza kuvimba miguu akatuficha. Akaacha kuvaa viatu, akasema ni joto. Akaacha kwenda kanisani, akasema ni mvua. Dada alipokwenda kumtembelea alikuta vyote viwili, joto na mvua, vimeishia kwenye miguu iliyojaa kama mito ya kulalia, akambeba mpaka hospitalini Musoma. Daktari alituambia moyo umepanuka, maji yanapanda, dawa zitampa nafuu lakini tusijidanganye. Alisema kwa upole, anaangalia kalamu yake. Dada aliuliza maswali yote yanayotakiwa kuulizwa. Mimi niliuliza kama anaruhusiwa kula dagaa.

Kufa mama hakuogopa. Alikuwa anazungumzia mazishi yake kama mtu anayepanga kuhamisha mbuzi: nani akae wapi, nani asipewe maiki. Kilichomtisha kilikuwa kingine, na alinificha hicho nacho, mpaka jioni moja saa ya kuona wagonjwa, dada amekwenda kuosha vyombo vya uji.

"Baba," akaniita. Ananiitaga hivyo kwa sababu nina jina la baba yake. "Kusali kumenishinda."

"Umechoka tu, mama."

"Uchovu naujua, nimelima miaka mingi. Huu siyo uchovu. Naanza vizuri, nafika katikati naona upande wa pili hakuna mtu. Naongea na feni."

Mchungaji alikuwa ameshakuja, tena mara nyingi. Akaomba, akaweka mkono kwenye kichwa, na mama akajibu amina kwa sauti ile ya mtu anayeitikia hodi ilhali hana nia ya kufungua mlango. Mimi niliona, nikafikiri ni maumivu.

"Niimbie wimbo wa baba yako," akasema. "Ule mlioimba siku ya kumzika. Nikiuimbaga, nasali bila kujua kama nasali. Sasa nimeupoteza. Nikiuanza unageuka wimbo mwingine, naishia kwenye ule wa watoto wa Jumapili. Wewe si ulikuwa kwaya? Niimbie, nisali, niende."

Akafumba macho, akangoja.

Hapa inabidi nisimame nieleze kuhusu Kocha.

Shuleni kwetu sekondari kulikuwa na mwalimu aliyefundisha vitu viwili ambavyo havikuwa kwenye ratiba: mpira baada ya vipindi, na kwaya baada ya mpira. Alitumia filimbi moja kwa vyote viwili. Tulimwita Kocha uwanjani, tukamwita Kocha kanisani, na nadhani hata mkewe alimwita Kocha. Siku ya kwanza aliniangalia mara moja, akaniweka beki. Kwenye kwaya akaniangalia mara moja tena, akaniweka besi. Aliona mtu wa nyuma akamrudisha nyuma. Kidato cha nne nilipomaliza, matokeo nayo yakaniweka hukohuko, ila hilo simlaumu Kocha.

Nilipomaliza shule nilibaki kwenye kwaya yake ya kanisani, Mwisenge, miaka mingi. Alikuwa na sheria moja kubwa kuliko amri zote kumi: usivutwe. Kuvutwa ni pale besi anapoimba, soprano wanapita juu kwa uzuri wao, na sikio la besi linaamka na kuwafuata kama mbwa anayefuata harusi. Ukivutwa, filimbi inalia. "Umevutwa! Zunguka kanisa!" Unatoka nje unazunguka kanisa unakimbia huku unaimba sauti yako, wamama wanaofagia wanakuangalia. Na ili tusivutwe, Kocha alipokuwa anafundisha soprano, besi wote tulitolewa nje kumwagilia miti. Vidole masikioni. Miti ile ilimwagiliwa na watu wanaobeba ndoo kwa viwiko.

Utaniuliza, si mlikuja kuimba pamoja? Tuliimba. Lakini mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri, na ndiyo balaa lenyewe. Nilijifunza kuimba nikisikiliza miguu yangu. Juu yangu watu walikuwa wanapita na nyimbo nzima, mimi nilisikia kama mtu wa chini anavyosikia wapangaji wa ghorofani: najua wapo, najua wanatembea, sijui wanaenda wapi.

Na maisha nikayaishi hivyohivyo, nikidhani ni unyenyekevu. Sitangulii, sivutwi. Wengine wakiamua kuhama nabaki, wakiamua kuoa nawabebea viti. Hata Mungu nilimwendea kwa njia hiyo. Mchungaji anaomba, naitikia. Mama anaomba kabla ya kula, naitikia. Nilipokuwa namtembelea Butiama alikuwa anaimba wimbo wa baba jikoni, bila maneno, mdomo umefungwa, na mimi kwenye kigoda nje nikawa namwekea besi bila hata kufikiri. Yeye juu, mimi chini, ugali unasongwa. Nilijiona mtu wa imani kabisa. Haikunijia hata siku moja kwamba wimbo alikuwa nao yeye.

Basi tulipofika hapo wodini, mama amefumba macho anangoja, mimi nikafungua mdomo. Kikatoka nilichokuwa nacho.

*Njiani... njiani... mzigo, mzigo... njiani.*

Nikaendelea, maana nilidhani labda mbele kutakuwa na wimbo. Mbele kulikuwa na mzigo mwingine. Mgonjwa wa kitanda cha pili, bibi mmoja mwenye kitambaa cha kijani, akainua kichwa.

"Kaka, tumbo linakuuma?"

"Naimba, bibi."

"Haya. Pole."

Mama alifungua macho. Hakucheka, na mama alikuwa mtu wa kucheka. "Huo siyo," akasema. "Baba, huo siyo." Akageukia ukutani. Niliona bega lake linapanda na kushuka, nikajua ni yale maji aliyoyasema daktari, na nikajua pia siyo maji peke yake.

Nje kwenye benchi nilimweleza dada. Dada ni wa kanisa jingine tangu aolewe, na siku ya mazishi ya baba alikuwa amezimia nusu ya ibada, kwa hiyo wimbo hakuwa nao.

"Miaka yote hiyo kwenye kwaya," akasema, "hujui wimbo."

"Najua besi."

"Nani anajua wimbo?"

Nilikuwa nimeshawapigia besi wenzangu wa zamani, maana besi ndio tunaotafutanaga. Wote waliukumbuka vizuri sana. Kila mmoja aliniimbia kwenye simu, kwa uchungu kabisa: njiani, njiani, mzigo. Soprano walishatawanyika, ndoa zimewachukua mpaka mikoa ambayo siwezi kuionyesha kwenye ramani. Rekodi haikuwepo. Kocha aliutunga wimbo ule wiki ya msiba, kwa sababu baba alikufa ghafla akiwa anajiandaa kwenda mnadani, na akatufundisha jioni moja. Tuliuimba kaburini, tukauimba siku ya kumaliza matanga, halafu akaufungia. Alisema ule ni wa mzee, usiguswe. Mtu pekee aliyeendelea kuugusa alikuwa mama.

"Yule aliyekuwa anaongoza soprano yuko Bunda," nikasema. "Ana duka la vitenge karibu na stendi. Lakini ni Bunda."

"Bunda ni wapi, Ulaya?"

"Na kuku?"

Dada hakunitania, na hapo ndipo nilipoogopa. "Kuku nitawaangalia mimi," akasema. "Nenda. Mama anakufa na hana cha kushika."

Nilikwenda Bunda asubuhi. Yule dada wa soprano nilimkuta amezungukwa na vitenge, amejifunga hijabu ya zambarau, kitoto kimelala kwenye robota la kanga. Alikuwa ameolewa na mfanyabiashara wa pale, akawa Mwislamu, jambo ambalo nilikuwa nimelisikia na kusahau, kama ninavyosahau mambo yote yanayotokea nje ya geti langu.

"Besi!" akapiga kelele. "Wallahi ni Besi! Nani amekutoa nyumbani, moto?"

"Shikamoo ya mbali, dada."

"Usinizeeshe. Kaa. Kuna nini?"

Nilimweleza. Uso wake ukabadilika, akafunga sehemu ya mlango, akamwomba radhi mumewe aliyekuwa anahesabu vifungo nyuma, na mumewe akasema, "Mwimbie, ni mama wa mtu." Akaanza. Nakwambia, nilipousikia mstari wa kwanza nilishika meza. *Umenikuta njiani, Bwana, sijafunga mzigo wangu.* Ulikuwa unapanda taratibu kama mtu anayeinuka kitandani bila kutaka kuamsha wengine. Huo ndio wimbo uliokuwa unapita juu ya kichwa changu! Mstari wa pili akaupata nusu. Wa tatu ukageuka kuwa wimbo wa kubembelezea mtoto. Akarudi mwanzo, ukageuka tena. Akajaribu kuukimbilia haraka, kama mtu anayetaka kuvuka kabla mlango haujafungwa, ukageuka tena palepale.

"Umeondoka," akasema, na machozi yalikuwa yamemjaa. "Maneno ninayo yote. Sauti imeondoka. Miaka ni mingi, kaka, na huku siimbi. Nenda kwa Kocha mwenyewe. Yuko Nyamuswa, ana duka la dawa za mifugo. Simu hana, anasemaga simu inavuta watu."

Akaniimbisha maneno mpaka nikayashika, akanipa chapati za njiani. Mumewe akaniambia, "Mungu amfanyie wepesi mama." Nikaitikia amina. Kuitikia ndiko ninakokujua.

Nyamuswa nilifika mchana, jua linapiga mabati. Njiani niliunguruma ule mstari wa kwanza tu, usije ukadondoka. Kocha nilimwona kabla hajaniona: amekonda, nywele nyeupe, amekaa nyuma ya kaunta yenye makopo ya dawa ya kupe, filimbi haipo shingoni. Alikuwa anamweleza mzee mmoja jinsi ya kupima dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nilipoingia akaniangalia mara moja.

"Besi. Umenenepa."

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Beki hanenepi. Kuna nini?"

Nikamwambia. Alimsikiliza mama kupitia mimi bila kunikatiza, halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Wimbo upi?"

"Wa baba, Kocha. Uliutunga wewe."

"Nimetunga nyimbo za misiba kama mtu anavyochonga mipini. Nakumbuka mzee, nakumbuka mvua siku ile. Wimbo sina."

Nilikaa kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe. Sijui nilionekanaje, lakini mteja yule mzee aliniuliza kama nataka maji. Niliona mama amegeukia ukutani, na kati yake na mimi barabara yote ile niliyotembea bure. Nikasema, na sauti ilinitoka vibaya, "Kocha, wewe ndiye uliyenitoa nje. Wewe ndiye uliyeniambia niweke vidole masikioni. Ungeniacha nivutwe hata siku moja, leo mama yangu angekuwa na wimbo."

Mteja akaweka kopo chini.

"Ni kweli," Kocha akasema. "Simama. Imba yako."

"Yangu siyo wimbo."

"Nilianzia chini kila nilipotunga. Ulikuwa hujui kwa sababu ulikuwa unamwagilia miti. Simama wima, toa mikono mfukoni. Imba."

Nikaimba besi yangu pale dukani. Njiani, njiani, mzigo. Yeye kafumba macho, kidole kinagonga kaunta. Mwanzoni hakikutoka kitu. Akasema rudia. Nikarudia. Mara ya nne hivi akaanza kuunguruma juu yangu, kwa sauti iliyopasuka ya mtu mzima, akapita pale yule dada wa Bunda alipopita, halafu akafika pale wimbo ulipomgeuka yule dada, akanyanyua mkono kunizuia nisisimame, akavuka. Alikuwa anakanyaga kwangu, hatua kwa hatua.

Mteja mwingine aliingia kuuliza dawa ya minyoo. "Subiri!" tukamwambia wote watatu.

Tulifika mstari wa nne, wenye maneno *nifungie Wewe, mkono wangu umechoka*. Hapo Kocha akakwama.

"Hapa nilikuweka kwenye sauti moja," akasema. "Umekaa tu, mmm, mpaka mwisho wa mstari. Mtu akikaa hivyo chini, juu yake naweza kupita popote. Nilipita wapi?"

"Sijui, Kocha. Nilikuwa nasikiliza miguu yangu."

"Nilikufundisha vizuri kupita kiasi." Akajaribu kupanda. Akajaribu kushuka. Akajaribu kukaa kidogo kisha kupanda mwishoni. Akatingisha kichwa. "Tuchukue hii ya kukaa kisha kupanda. Inaweza isiwe yenyewe. Mama yako atajua."

Halafu akaanza kunifundisha mimi kuimba juu, na hiyo, ndugu msomaji, ilikuwa kazi ya kusikitisha kuitazama. Kila nikifika mstari wa pili, koo langu linashuka lenyewe kama ng'ombe anayejua njia ya kwenda nyumbani.

"Umevutwa!"

"Na nani, Kocha? Niko peke yangu."

"Na yule kijana niliyemfundisha. Achana naye. Rudia."

Tulipopumzika nilimuuliza kwa nini aliacha kwaya. Alisema hakuiacha, ilimwacha. Kanisa lilinunua kinanda kinachojipigia ngoma na besi chenyewe, kijana anabonyeza tu, na siku moja wakamwambia, Kocha, sasa pumzika. "Wakanipa sufuria na shuka," akasema. "Nikapumzika."

"Na Mungu?"

"Tunaonana barabarani. Ananisalimia." Akafunga kopo vizuri. "Nilidhani namtumikia yeye kwa wale vijana. Siku hizi sijui kama nilikuwa namtumikia au nilikuwa namzungusha kanisa mbio kama nyie. Rudia mstari wa tatu."

Simu yangu ikalia. Dada. Alikuwa kwenye gari la kukodi.

"Mama amekataa kubaki hospitali. Anasema hataki kufia chini ya feni. Daktari ameruhusu. Tunakwenda Butiama. Umeupata?"

"Karibu."

"Karibu ni nini? Anakuulizia kila kijiji tunachopita."

Nilimwomba Kocha tufuatane. Nilimwomba kama mtoto. Butiama ni karibu tu kutoka Nyamuswa, pikipiki ipo, nitamlipia, yeye aimbe juu na mimi nimwekee chini, na mama atausikia kama ulivyokuwa siku ile. Aliniangalia kwa huruma, lakini ilikuwa ileile huruma yake ya uwanjani.

"Nikija mimi utaimba besi," akasema.

"Si ndiyo vizuri?"

"Nina kifua, Besi. Umenisikia. Nikikatikia katikati, utabaki na mzigo wako pale mbele ya mama. Nenda peke yako. Ukivutwa usisimame. Endelea hivyohivyo."

Nilimchukia. Nilipanda pikipiki nimemchukia, nikaimba njia yote hadi Butiama, na dereva hakusema neno, isipokuwa tuliposhuka aliniambia, "Kaka, mstari wa tatu umeshautengeneza."

Mama walikuwa wamemlaza sebuleni, godoro chini, kaegemea mito ili apumue. Mlango uko wazi, mwanga wa alasiri umeingia mpaka miguuni kwake. Nilimkuta amekuwa mdogo. Kwa muda mfupi niliotoka, kitu kilikuwa kimembeba upande mmoja wa mwili. Macho yalikuwepo, yananiangalia mimi, yananingoja. Maneno hayakuwepo tena, ila kupumua kwa shida, na kila pumzi anaitafuta kama mtu anayepapasa kiberiti.

"Imba," dada akasema. "Usikae kwanza. Imba."

Hapakuwa na Kocha wala kwaya, hapakuwa na mtu juu yangu. Nilipiga magoti. Nikaanza.

*Umenikuta njiani, Bwana, sijafunga mzigo wangu.*

Uso wake ukafunguka. Hilo naliapia. Kitu kilifunguka kwenye paji la uso, na midomo ikaanza kusogea. Mstari wa pili nikavutwa chini, nikajikuta naunguruma, dada akanipiga begani, nikapanda tena. Mstari wa tatu ukatoka. Nikaingia wa nne, nikakaa kisha nikapanda, kama nilivyofundishwa.

Mama akatingisha kichwa.

Hakutingisha sana. Kidogo tu, kushoto na kulia. Midomo ilisimama.

"Hapo sipo?" nikamuuliza. "Mama, ni hapo?"

Akafumba na kufumbua macho. Akajaribu kunionyesha. Niliweka sikio mdomoni kwake, na kilichotoka kilikuwa pumzi tupu, haina sauti ya kupanda wala kushuka. Akajaribu tena. Jasho lilimtoka. Dada akaanza kulia, akasema mwache, unamchosha, lakini mama alinishika mkono na hakuniachia.

Nikarudi mwanzo wa mstari. *Nifungie Wewe, mkono wangu umechoka.* Nikashuka. Akatingisha kichwa. Nikapanda moja kwa moja. Akatingisha. Nikapanda nikashuka. Akatingisha. Nilijaribu njia ambazo Kocha hakuzijaribu, njia za nyimbo nyingine, njia ambazo hazipo kwenye muziki wowote, na kila mara mwisho wa mstari namwangalia, na kila mara kichwa kinakwenda kushoto na kulia, polepole zaidi. Maneno yale niliyaimba mpaka yakaacha kuwa ya wimbo. *Nifungie Wewe.* Sikuwa namwambia mama tena. Sijui kama nilikuwa namwambia mtu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani naomba kitu bila kumwitikia mwingine, na nilikuwa naomba nipewe sauti moja tu, juu au chini, yoyote iliyo yake, Bwana, ulikuwepo kaburini siku ile, ulisikia, niambie basi.

Jua likatoka miguuni kwake likaenda mlangoni. Sauti yangu ilikuwa imebaki nyuzi. Nikajaribu moja ambayo inashuka kidogo, inasita, halafu inarudi palepale ilipoanza. Hata sikuichagua. Ni koo lilikuwa limechoka, likaenda linakoweza.

Kichwa cha mama hakikutingishika.

Nikangoja. Macho yalikuwa yamefumbwa. Mkono ulikuwa bado kwenye mkono wangu lakini umelegea. Kifua kinapanda, kinashuka, taratibu kuliko mwanzo.

"Amekubali," nikamwambia dada.

Dada aliinama akamwangalia kwa muda mrefu. "Amelala," akasema.

"Amekubali, halafu amelala."

"Sijui, mdogo wangu. Labda amelala kabla."

Niliogopa kuuimba tena, asije akaamka akatingisha kichwa, na niliogopa kunyamaza, nikausahau. Kwa hiyo nikauimba chini chini, kwa mdomo uliofungwa, ule mstari mmoja, unaoshuka kidogo, unasita, unarudi. Dada alikaa upande wa pili, akashika mkono mwingine, na baada ya muda akaanza kunifuata, mbaya kabisa, sauti inayumba huku na huku. Nikamwacha anifuate. Mama hakuamka tena.